Henry Darcy, Mtu Aliyeupima Mchanga kwa Maji

Ukitaja Obunga, pale Kisumu, wengi hukumbuka mgongo wazi. Ni ule mfupa wa mbuta unaobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, na akina mama wa Obunga huununua, wakaukausha, wakaukaanga, wakauza. Lakini katika mtaa huohuo anakaa kijana wa kwetu, mzaliwa wa Likoni, aliyekwenda huko kwa kazi. Chumbani mwake ana tangi la kioo la lita 200, maji ya chumvi, na samaki wadogo wa miambani waliosafiri kutoka pwani. Watu wa kule wamezoea samaki wa kuliwa, kwa hiyo majirani huja kutazama hawa wa kutazamwa.

Kijana huyu aliniletea swali. Chujio lake lilikuwa linapitisha maji polepole, akanunua pampu kubwa zaidi. Wiki ya kwanza maji yakaenda kwa kasi, roho ikatulia. Wiki ya pili yakapungua. Ya tatu yakawa kidogo kuliko hata siku za pampu ndogo, na samaki wakaanza kupanda juu kutweta. Alitaka kujua kama ameuziwa pampu mbovu. Nilimwambia aiache pampu kwanza, nikamsimulia habari za Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka wa 1858, ambaye hakuwahi kufuga samaki kwa habari ninazozijua. Alinicheka. Lakini kila anayefuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani, na kila anayekunywa maji ya kisima cha mchangani, anaishi chini ya kanuni ya mtu huyo, na ni haki tumjue.

Jina lake Henry Darcy. Alizaliwa tarehe 10 Juni 1803 katika mji wa Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Baba alikuwa mtumishi wa serikali upande wa kodi. Alifariki mwaka wa 1817, Henry akiwa na miaka 14, akamwacha mjane na wavulana wawili. Mama hakukubali masomo yakatike. Alikopa fedha akawawekea walimu, na mji wa Dijon ukasaidia kwa ufadhili. Mwaka wa 1821 Henry aliingia École Polytechnique mjini Paris, na miaka miwili baadaye akaingia chuo cha uhandisi wa madaraja na barabara, École des Ponts et Chaussées. Alipohitimu alirudi kufanya kazi kwao. Mwaka wa 1828 alimwoa Henriette Carey, aliyetoka kisiwa cha Guernsey. Hawakujaliwa watoto.

Dijon ya wakati huo ilikuwa na shida ya maji ambayo mtu wa Mombasa au wa Obunga angeitambua mara moja. Visima vilikuwa karibu na uchafu wa nyumba. Mto uliopita mjini ulibeba taka. Mwenye uwezo alinunua maji kwa wachukuzi, asiye na uwezo alikunywa alichopata na kuugua. Mji ukajaribu kuchimba kisima kirefu katika uwanja wa Saint-Michel. Matumaini yalikuwa makubwa, maji yakapatikana, lakini yalikuwa kidogo mno kwa mji mzima.

Mwaka wa 1834 Darcy, akiwa bado kijana wa miaka 31, aliandika ripoti akipendekeza jambo jingine. Kuna chemchemi iitwayo Rosoir, karibu kilomita 13 kutoka mjini. Iko juu kuliko mji. Kwa nini kuhangaika na pampu na kisima, wakati maji yanaweza kushuka yenyewe? Kibali cha mfalme kilipatikana mwisho wa mwaka wa 1837, kazi ikaanza Machi 1839, na tarehe 6 Septemba 1840 maji yakafika Dijon. Miezi 18 tu. Yalipita chini ya ardhi katika handaki la mawe lililofunikwa, ili jua lisiyapashe moto na mkono wa mtu usiyaguse, na yalikuja kiasi cha lita 8,000 kwa dakika. Kwa hesabu ya mtaani, hiyo ni mitungi 400 ya lita 20 kila dakika, usiku na mchana, bila mafuta wala umeme, maana stima ya nyumbani ilikuwa haijajulikana.

Sisi wa pwani tuna mfano wetu. Maji ya Mzima, kule Tsavo, huja Mombasa kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na nguvu inayoyaleta ni mteremko wa ardhi. Anayefungua mfereji Mombasa na kupata maji ya Mzima anafaidi wazo lile lile lililotumika Dijon zaidi ya miaka mia moja kabla.

Kuleta maji hadi lango la mji ilikuwa nusu ya kazi. Kufikia mwaka wa 1844 alikuwa ametandaza mabomba kilomita 28 chini ya barabara za Dijon, na akaweka mifereji ya umma 142, kila mmoja mita 100 kutoka kwa mwenzake. Maji ya mifereji hiyo yalikuwa bure. Hebu fikiri hilo kidogo. Katika Obunga mtu hubeba mtungi hadi kwenye kioski cha maji, analipa, anarudi nao. Katika mitaa mingi ya Mombasa mkokoteni ndio mfereji. Mita 100 na bila malipo, mwaka wa 1844! Paris yenyewe, mji mkuu, haikuwa na huduma kama hiyo.

Mji ukataka kumlipa. Ada yake kwa kazi ile ilifika faranga 55,000, fedha za kumtajirisha mtu, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuzichukua. Alikataa. Akakataa hata kurudishiwa gharama zake. Alichokubali ni nishani ya dhahabu na ahadi kwamba nyumbani kwake atapewa maji bure maisha yake yote. Nimesoma habari za wahandisi wengi wa miradi mikubwa, wa kwao na wa kwetu, na sijakutana na ankara fupi kuliko hiyo.

Alifanya na mengine. Alipigania reli ya kutoka Paris kwenda Lyon ipite Dijon, na ikapita, pamoja na handaki la Blaisy la kilomita 4 lililotobolewa mlimani. Lakini mwaka wa 1848 mapinduzi yakaja Ufaransa. Wakubwa wapya walimwona kuwa mtu wa serikali iliyoondoka, mwenye sauti kubwa mno mjini kwake, wakamwondoa Dijon. Alipelekwa Bourges, baadaye Paris, ambako alisimamia maji na barabara za mji mkuu. Alitumwa London kutazama barabara za changarawe zilivyotengenezwa, na mji wa Brussels ukamwomba ushauri wa maji. Kwa nje ilionekana ni kupanda cheo. Kwa mtu aliyeipenda Dijon vile, mimi nadhani ilikuwa ni uhamisho wa adhabu.

Afya ikaanza kumtupa. Mwaka wa 1855 aliomba kupunguziwa kazi, akaruhusiwa kubaki na utafiti tu, akarudi Dijon. Na hapo ndipo tunapofika kwenye chujio la kijana wetu.

Kuna swali lililokuwa limemkaa Darcy kwa miaka. Miji ya Uingereza na Ufaransa ilikuwa inasafisha maji ya mito kwa kuyapitisha katika vitanda vya mchanga. Kila fundi alijenga kitanda chake kwa makisio. Huyu mchanga mwembamba, yule mnene, huyu kitanda kipana, yule kirefu kwenda chini. Wakipima, hesabu za mmoja hazilingani na za mwingine, na hakuna aliyeweza kusema kabla ya kujenga: mji wenye haja ya maji kiasi hiki unahitaji chujio la upana gani? Darcy aliona kwamba ni lazima mtu apime jambo hilo peke yake, bila vurugu za mto na matope.

Basi mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1855, akisaidiwa na mhandisi Charles Ritter, alisimamisha bomba la chuma katika ua wa hospitali ya Dijon. Bomba lilikuwa refu kuliko mtu, na upana wa sentimita 35 ndani. Wakatia mchanga wa mto Saône, wakaushikilia chini kwa wavu, wakaruhusu maji ya bomba la hospitali yaingie kwa juu, yatoke kwa chini. Juu na chini waliweka vipimo vya zebaki vya kuonyesha nguvu ya maji. Halafu wakafanya kazi ambayo kila mtoto anaiweza: kuangalia saa na kupima maji yaliyotoka. Walikuwa na kero moja, kwamba hospitali ilikuwa na mifereji mingi, na kila mgonjwa au mfanyakazi alipofungua mmoja, zebaki ilicheza. Walisubiri, wakachukua wastani, wakaendelea. Februari 1856 Ritter akarudia majaribio akibadilisha nguvu ya maji hata upande wa kutokea.

Walichokiona ni chepesi kukisema. Maji yanayopita mchangani huongezeka sawasawa na tofauti ya nguvu kati ya juu na chini. Ukizidisha tofauti hiyo mara mbili, maji huwa mara mbili. Huongezeka vilevile na upana wa kitanda. Hupungua kadiri mchanga unavyokuwa na kina, kwamba kina kikiwa mara mbili, maji huwa nusu. Na kila aina ya mchanga ina namba yake ya kupitisha, mkubwa kwa mchanga wa punje kubwa, mdogo kwa mchanga laini. Basi. Aliyaandika haya katika kitabu kikubwa kuhusu maji ya Dijon kilichotoka mwaka wa 1856, tena si katikati ya kitabu, bali katika nyongeza za mwisho. Kurasa chache za nyongeza ndizo zilizolifikisha jina lake kila chuo cha uhandisi duniani.

Sasa turudi Obunga na tangi la lita 200. Sifongo la chujio ni kitanda cha mchanga cha Darcy, tofauti ni kitambaa tu. Siku lilipowekwa lilikuwa safi, namba yake ya kupitisha ilikuwa kubwa. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki yakajaza vitundu, namba ikashuka. Kijana akaongeza nguvu kwa pampu kubwa, na kweli maji yakaongezeka, kama kanuni inavyosema. Lakini pampu ile ikawa inavuta uchafu mwingi zaidi kwa saa na kuusukumiza ndani zaidi ya sifongo, ukashindiliwa. Namba ikaanguka kwa kasi kuliko mwanzo. Na pampu hizi ndogo za matangi si kama pampu ya kisima. Kiasi kilichoandikwa kwenye boksi ni cha pampu isiyosukumana na kitu chochote. Ikikutana na ukinzani, maji yake hupungua, na kuna mahali haitoi kabisa ingawa inanguruma. Pampu yake haikuwa mbovu.

Kati ya vitu vinne vya Darcy, kile ambacho mfugaji anaweza kukibadilisha bila hasara ni upana. Badala ya sifongo moja dogo na pampu kali, weka mapana mawili au matatu. Maji yaleyale yatapita polepole katika kila sehemu, uchafu utatua bila kushindiliwa, na chujio litakaa muda mrefu kabla ya kuziba. Tanguliza sifongo la matundu makubwa, laini lifuate. Hakikisha halikai legelege katika boksi lake, kwa kuwa maji hupenda njia rahisi, na sifongo likiziba yatapita pembeni yakitoka na uchafu wao. Lioshe kwa maji ya chumvi uliyoyatoa tangini wakati wa kubadilisha, usilioshe kwa maji ya mfereji. Dawa ya klorini iliyotiwa ili sisi tusiugue huua vijidudu vinavyokaa ndani ya sifongo, na hao ndio wanaobadilisha sumu ya amonia inayotoka kwa samaki.

Na pima, kama Darcy alivyopima. Wafugaji wengi hutaka maji ya tangi yapite kwenye chujio kama mara 5 kwa saa. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni lita 1,000 kwa saa, yaani ndoo ya lita 10 ijae kwa sekunde 36. Shika ndoo na saa ya simu. Andika tarehe na sekunde ukutani. Sekunde zikianza kurefuka, umejua chujio linaziba kabla samaki hawajakwambia.

Kuhusu kule kutweta, liko jambo ambalo mfugaji wa Likoni hasumbuki nalo sana na wa Kisumu hana budi kulijua. Kisumu iko juu ya bahari kwa mita 1,130 hivi. Hewa ni nyepesi zaidi, na maji yenye joto na chumvi ileile hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Mombasa. Samaki wa miambani hakuzaliwa kwa hewa ya mlimani. Kwa hiyo mbali na maji yanayopita kwenye chujio, lazima pawe na mwendo wa pili, wa kuvuruga uso wa maji ili hewa iingie. Chujio lilipoziba, uso ukatulia, na samaki wakapanda kutafuta pumzi. Pampu ile kubwa ina kazi yake hapo, kusukuma maji juu juu, na ile ndogo irudi kwenye chujio pana.

Kanuni hii haikukaa kwenye mabomba ya Dijon. Leo hutumika kokote maji yanakopita katikati ya mchanga au mwamba. Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, hupata maji yaliyochujwa na mchanga wa mto kabla hayajasukumwa kuja Malindi, Kilifi na Mombasa. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Chini ya vilima vile maji baridi ya mvua yamekaa juu ya maji ya chumvi ya bahari, kwa sababu maji baridi ni mepesi. Ukivuta kwa kiasi ambacho mchanga unaweza kukirudisha, utakunywa miaka na miaka. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda ndani ya kisima. Anayetaka kujua kiasi hicho hana budi kupitia kwa Darcy: tofauti ya kimo, upana, umbali, na namba ya mchanga. Ndiyo maana wazee wa Lamu wanapopiga kelele vilima vya Shela visijengwe, hawabishani kwa hisia tu. Mchanga ule ni chujio na ni tangi kwa pamoja, na hakuna duka linalouza mwingine.

Darcy hakuona hata sehemu ndogo ya haya. Baada ya kitabu kutoka aliendelea na majaribio mengine, ya maji katika mabomba na katika mifereji ya wazi, na akakiboresha chombo cha kupimia kasi ya maji kilichobuniwa na Mfaransa mwenzake Pitot. Kazi ya mifereji ya wazi aliianza akiwa mgonjwa, na msaidizi wake Henri Bazin ndiye aliyeimaliza na kuichapisha mwaka wa 1865.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1858 alisafiri kwenda Paris. Huko akashikwa na homa ya mapafu, na tarehe 3 Januari akafariki, miaka 54. Mwili ulirudishwa Dijon kwa treni, kwa reli ileile aliyoipigania ipite kwao, na watu wa mji wakatoka kwenda stesheni kumpokea. Uwanja uliokuwa na hifadhi yake ya maji ukabadilishwa jina mara moja, ukaitwa Place Darcy. Hifadhi yenyewe bado iko pale, chini ya bustani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni.